Wastani wa Alama Usikuchagulie Shule ya Kati: Ushauri kwa Wazazi Tulioko Louisville

Kila mwaka dirisha la kuomba shule linapofunguliwa hapa Louisville, jimboni Kentucky, simu yangu haitulii. Wazazi wenzangu tunaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa wametokea Kongo na Burundi kupitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, huniuliza jambo moja tu: mtoto anamaliza darasa la tano, je, shule ipi ya kati ni nzuri? Mimi huulizwa kwa sababu watoto wangu wamekwisha kupita madarasa hayo matatu, la sita, la saba na la nane, na kwa sababu nina tabia ya kukaa na makaratasi ya shule mezani hadi yanieleweke. Hata hivyo, mara nyingi muulizaji huwa na jibu lake tayari. Ameingia kwenye tovuti ya kuuza nyumba, akaona shule moja imepewa 8 kati ya 10 na nyingine 3, akaamua kwamba ile ya kwanza ndiyo shule na ile ya pili ni ya kukimbiwa.

Mimi huwajibu kwamba wastani wa alama za shule hueleza zaidi ni watoto gani wanaosoma pale kuliko unavyoeleza jinsi wanavyofundishwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ya kwanza ina wanafunzi ambao asilimia 80 wamezaliwa hapa katika nyumba zenye kipato cha kutosha, na asilimia 20 wangali wanajifunza Kiingereza. Katika kundi la kwanza wanaofaulu ni asilimia 70, na katika kundi la pili ni asilimia 20. Jumla ya waliofaulu ni asilimia 60. Shule ya pili ina asilimia 40 ya wale wa kwanza na asilimia 60 ya wanaojifunza Kiingereza. Waliofaulu ni asilimia 75 katika kundi la kwanza na asilimia 30 katika la pili, na jumla yake ni asilimia 48. Shule hii ya pili imewafundisha vizuri zaidi watoto wa makundi yote mawili, lakini katika orodha ya wastani itakaa chini, na mzazi mwenye haraka ataipita bila kuitazama.

Takwimu zilizogawanywa kwa makundi si siri, wala huhitaji kufahamiana na mtu ofisini ili uzipate. Sheria ya elimu ya shirikisho iliyotiwa saini mwaka 2015 inalazimisha kila jimbo kuwapima wanafunzi kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, kisha kutangaza matokeo ya kila shule kwa makundi: rangi na asili, kipato cha nyumbani, ulemavu, na wanaojifunza Kiingereza. Hapa Kentucky matokeo hupangwa kwa ngazi nne, ya chini kabisa ikiitwa Novice, kisha Apprentice, Proficient (ngazi inayohesabiwa kuwa kufaulu) na Distinguished, na shule nzima hupewa rangi kuanzia nyekundu, ya chini kabisa, hadi buluu, ya juu kabisa. Usiishie kwenye rangi. Ukurasa wa shule kwenye tovuti ya matokeo ya jimbo una sehemu ya kuchagua kundi. Ichague, halafu utafute ni asilimia ngapi ya kundi la mwanao wamefika Proficient na kuendelea. Ukikuta alama ya nyota mahali pa tarakimu, maana yake ni kwamba kundi hilo ni dogo mno na matokeo yake yamefichwa ili mtoto mmoja asitambulike. Nyota hiyo nayo ni habari: inakuambia kwamba katika shule ile watoto kama wako ni wachache sana.

Hapo pana mtego ambao sisi tunaotoka Afrika tunapaswa kuujua. Katika fomu za shule mtoto wangu amewekwa katika kundi la Weusi, pamoja na mtoto wa daktari aliyetoka Nigeria, mtoto ambaye ukoo wake umeishi upande wa magharibi wa mji huu kwa vizazi kadhaa, na mtoto aliyeshuka kwenye ndege mwaka jana akiwa hajawahi kusoma darasa zima kwa Kiingereza. Safu moja inawabeba wote. Kwa hiyo mimi husoma safu tatu kwa pamoja: ya rangi, ya kipato na ya wanaojifunza Kiingereza. Hii ya mwisho inahitaji uangalifu, kwa sababu ni kama kituo cha basi: aliyepata basi huondoka, nawe kila ukipita unawakuta wanaosubiri. Mtoto akifuzu Kiingereza huondolewa kundini, ijapokuwa sheria inaruhusu majimbo kuendelea kumhesabu humo kwa muda usiozidi miaka minne, na nafasi yake huchukuliwa na mgeni. Asilimia ya chini katika safu hiyo haitoshi kuihukumu shule. Tazama pia kama watoto hao wanapanda kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Mfumo wa Kentucky hutofautisha hali ya sasa ya shule na badiliko lake tangu mwaka uliotangulia, na mimi nikilazimika kuchagua tarakimu moja, ningechukua ile ya badiliko.

Ni vyema pia kujua kwa nini shule za hapa zimechanganyika zaidi kuliko za miji mingi ya Marekani. Mwaka 1975 mahakama iliamuru wanafunzi wa Louisville na wilaya inayouzunguka wachanganywe, na mabasi yakaanza kuwavusha watoto Weusi na Wazungu kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza mtoto mmoja mmoja kupangiwa shule kwa kigezo cha rangi yake, wilaya ikageukia vigezo vya mtaa anaoishi, vikiwemo kipato na elimu ya watu wazima wa mtaa huo. Sisi tumefika mwishoni mwa historia hiyo ndefu. Leo wilaya ina wanafunzi zaidi ya 90,000, na baada ya Kihispania, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika zaidi katika nyumba za wanafunzi wasiozaliwa na Kiingereza.

Lakini mchanganyiko wa getini si lazima ufike darasani, na hili ndilo ningependa mzazi alichunguze kuliko jingine lolote. Katika jioni moja ya wazazi nilisimama mlangoni mwa darasa la aljebra la wanafunzi wa darasa la nane, nikatazama karatasi za kazi zilizobandikwa ukutani pamoja na majina ya walioziandika. Kisha nikavuka ukumbi hadi darasa la hisabati ya kawaida, nikasoma majina ya pale. Sikuhitaji takwimu. Shule ilikuwa moja, ukumbi mmoja, lakini majina ya kwetu, akina Baraka na Neema na Bahati, yalikuwa karibu yote upande mmoja.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu ya mpangilio wa hisabati wa shule za Marekani. Mwanafunzi anayesoma aljebra ya kwanza katika darasa la nane huanza sekondari kwa jiometri, mwaka unaofuata husoma aljebra ya pili, kisha somo la maandalizi, na katika darasa la kumi na mbili anafika kwenye kalkulasi, tawi la hisabati ya juu. Anayeanza aljebra darasa la tisa, asipochukua masomo mawili ya hisabati kwa mwaka mmoja au kusoma majira ya joto, humaliza shule bila kuifikia, na vyuo vya uhandisi na sayansi huitazama kalkulasi katika maombi. Uamuzi wenyewe huanza kufanywa mtoto akiwa darasa la sita au mapema zaidi, kwa kuangalia alama za mitihani na maoni ya mwalimu. Kwa hiyo usisubiri barua. Mwandikie mshauri wa wanafunzi kabla ya majira ya kuchipua, umuulize ni vigezo gani vinavyomwingiza mwanafunzi katika hisabati ya kasi, mwanao amekosa kipi, na je, mtoto anayejifunza Kiingereza anaweza kuingia kwa nguvu ya hisabati yake. Swali hili la mwisho uliulize hata kama unaona aibu. Nimekutana na watoto waliomaliza madarasa ya msingi Tanzania, wanaokokotoa sehemu na asilimia kwa kichwa, wakiwa wamewekwa katika hisabati ya chini kwa sababu tu hawakuelewa maelezo ya swali.

Kuhusu Kiingereza, malalamiko ninayoyasikia mara nyingi ni haya: mtoto anaongea Kiingereza kama aliyezaliwa Kentucky, anataniana na wenzake, anatutafsiria hata barua za benki, kwa nini bado wanamweka kwenye kundi la wanaojifunza lugha? Jibu liko kwenye karatasi ya mtihani wa ACCESS ambao hufanyika kila mwaka. Mtihani huo hupima kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, lakini stadi hizo nne hazina uzito sawa: kusoma hubeba asilimia 35 ya alama ya jumla, kuandika asilimia 35, kusikiliza na kuongea asilimia 15 kila moja. Wa kwangu mmoja alikuwa juu kabisa katika kuongea huku kuandika kwake kukiwa chini sana, na alama ya jumla ikafuata kuandika. Tulipoielewa karatasi hiyo tuliacha kubishana na shule kuhusu kundi, tukaanza kuomba sampuli za insha zake na kuuliza ni nani anayemfundisha kuandika, katika kipindi gani, na kwa muda gani kwa wiki. Huduma hiyo si hisani. Katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, iliyotokana na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kile kile na mwalimu yule yule kama wenzake hakutoshi kuwa usawa.

Mahudhurio nitayataja kwa ufupi. Mwanafunzi anayekosa asilimia 10 ya siku za masomo huhesabiwa kuwa mtoro sugu, hata kama alikuwa na ruhusa. Kwa mwaka wa siku 170 hizo ni siku 17, na hufika upesi kuliko unavyodhani. Katika jamii yetu nyingi ya siku hizo huliwa na mtoto mkubwa kwenda hospitali kumtafsiria mama yake. Hospitali ina wajibu wa kutafuta mkalimani. Mwache mtoto aende shule.

Shule nayo ina wajibu huo huo kwa mzazi, bila malipo, na msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Omba mkalimani kwa maandishi mapema kabla ya kikao, taja kwamba ni wa Kiswahili, na usikubali mwanao akae kati yako na mwalimu akitafsiri habari zake mwenyewe. Nimemsikia mwalimu akieleza kwa upole kwamba kijana hajaleta kazi za nyumbani, na kijana akamwambia baba yake kwamba mwalimu amefurahi.

Kuna mlango mmoja zaidi ambao ni wa Kentucky hasa, na wazazi wetu wengi hawaujui. Tangu mageuzi ya elimu ya mwaka 1990, shule nyingi za umma za jimbo hili zina baraza lenye mwalimu mkuu, walimu watatu na wazazi wawili wanaochaguliwa na wazazi wenzao. Shule ambayo asilimia 8 au zaidi ya wanafunzi wake wanatoka katika jamii za walio wachache lazima iwe na angalau mjumbe mmoja wa jamii hizo barazani. Miongoni mwa mambo yanayopita mezani pao ni ratiba ya vipindi, nidhamu, na jinsi wanafunzi wanavyopangwa katika madarasa na programu, yaani lile suala la majina ya ukutani nililolieleza. Vikao ni vya wazi na mzazi yeyote anaruhusiwa kuketi na kusikiliza. Kura za kuwachagua wazazi wawili huwa chache mno, na familia kumi zikikubaliana zinaweza kuamua ni nani atakayeingia. Uliza ofisini tarehe ya uchaguzi na mwisho wa kupendekeza majina, na wakati huo huo andika ombi la mkalimani wa kikao.