Mazoezini Simba, Mechini Paka: Kocha Anajibu

Barua za wiki hii zimenishangaza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anunue raketi gani ya tenisi. Wote mnauliza habari za moyo. Nadhani ni msimu: shule zikikaribia kufungwa, mashindano ya vijana yananukia, na watu wanaanza kulala vibaya. Nimechagua saba. Waliouliza kuhusu viatu wanisubiri.

Shikamoo Kocha. Nina miaka 15, nacheza Jinja. Mazoezini sevu yangu, mpira wa kuanzishia pointi, inaogopwa hata na wavulana. Ikija mechi, mkono unakuwa mzito kama si wangu. Juzi nilikosa sevu zote mbili mara tisa ndani ya seti mbili. Je, mimi ni mwoga wa kuzaliwa?

Marahaba, mwanangu. Hapana, na mkono ni wako. Tatizo ni kwamba mwili ukihisi hatari hauulizi kama hatari hiyo ni nyoka au ni 30-40, pointi moja kabla ya kupoteza gemu. Moyo unakwenda mbio, pumzi inapanda juu kifuani, bega na kiganja vinakaza. Na sevu inataka kiganja kilicholegea. Halafu kichwa nacho kinajitia usimamizi: tupa mpira hivi, kunja kiwiko vile. Jambo ulilolifanya mara elfu bila kulifikiria, sasa unalifikiria, nalo linaharibika. Jaribu kushuka ngazi huku ukichunguza ni mguu upi unatangulia, utaniambia.

Kwa hiyo usisubiri woga uondoke ndipo ucheze. Wangu haujaondoka mpaka leo. Viganja vinanitoka jasho hata tukichezea soda. Ninachojua ni kuupa woga kazi ya kufanya.

Kanuni zinakupa sekunde 25 kati ya pointi na pointi, na sekunde 90 mnapobadilisha upande. Ukijumlisha, sehemu kubwa ya mechi mpira hauchezwi kabisa, na huko ndiko mechi nyingi zinakopotelea. Mwanasaikolojia wa michezo wa Marekani, Jim Loehr, aliwachunguza wachezaji wakubwa katika muda huo ambao watazamaji wanageukia mazungumzo yao. Akaona wanafanana kuliko vipigo vyao vinavyofanana. Pointi ikiisha, wanaupa wavu mgongo. Wanatembea kifua wazi, hata kama wamepigwa vibaya. Macho yanabaki kwenye nyuzi za raketi, hayazururi kwenye ua. Wanavuta pumzi, wanaamua mpira unaofuata wataupeleka wapi, kisha wanadundisha mpira kwa idadi ileile ya kila siku.

Chagua idadi yako. Mimi nadundisha mara nne. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyovuta, kabla hujaurusha mpira. Mwaka 1975 Arthur Ashe aliingia fainali ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, dhidi ya Jimmy Connors aliyetarajiwa na karibu kila mtu kumfagia. Kila walipobadilisha upande Ashe alikaa kitini akafumba macho, kama mzee anayesinzia barazani. Alishinda kwa seti 3-1.

Sasa hiyo sevu ya pili, nafasi ya mwisho unayopewa ya kwanza ikikosea. Mwenye hofu hupunguza kasi ya mkono akidhani ndio usalama, na hapo ndipo mpira unapokufa wavuni. Kasi ya raketi ndiyo inayouzungusha mpira, na mzunguko ndio unaoushusha ndani ya boksi, eneo la mpinzani ambamo sevu lazima idunde. Kwa hiyo sevu ya pili piga kwa mkono wenye kasi ileile, ila usugue mpira kwenda juu, upite juu ya wavu kwa nafasi ya kutosha. Na ukiogopa sana, elekeza katikati: pale wavu una sentimita 91 tu, wakati kwenye nguzo una 107.

Kingine, mazoezi yenu hayana hasara. Ndiyo maana wewe ni simba. Mwishoni, mkiwa mmechoka, wekeni kitu: kila mmoja apige sevu kumi za pili, atakayekosa nyingi abebe kapu la mipira wiki nzima, au anunue chapati. Utaona mkono unavyoanza kuwa mzito hukohuko mazoezini, mahali ambapo unaweza kuuzoea.

Kocha, niko Arua. Niliongoza 5-2 seti ya tatu nikashindwa 7-5. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita "Tano-Mbili". Nifanyeje?

Jina hilo litakaa kidogo, vumilia. Tarehe 26 Machi 2017 nilikuwa Kololo, Kampala, kwenye mbio za nyika za dunia. Mganda mwenzetu Joshua Cheptegei alikuwa anaongoza nyumbani, umati unaruka, sisi tumeshaanza kukumbatiana na watu tusiowajua. Mzunguko wa mwisho miguu ikamkataa. Alianza kuyumba kama mlevi, watu wakampita mmoja mmoja, akamaliza wa 30. Nchi nzima ilitazama. Wewe walikutazama wangapi?

Miaka miwili baadaye, huko Aarhus, Denmark, alichukua dhahabu ya mbio hizohizo. Mwaka 2020 akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kisha ya mita 10,000, na dhahabu za Olimpiki zikafuata, Tokyo na Paris. Mtu aliyeanguka hadharani namna ile alirudi kwenye mazoezi.

Tenisi ina ubaya wake wa pekee: haina saa. Kwenye mpira wa miguu ukiongoza mabao mawili dakika ya 85, unaupiga mpira jukwaani, kipa anajifanya ameumia, muda unakwisha wenyewe. Kwenye tenisi hakuna wa kukumalizia. Ukiwa 5-2, gemu moja tu kabla ya kushinda seti, bado lazima upige pointi ya mwisho kwa mkono wako mwenyewe. Mchezaji Jana Novotná aliongoza 4-1 seti ya tatu ya fainali ya Wimbledon mwaka 1993, na alikuwa na nafasi ya kufika 5-1. Akakosa sevu zote mbili, mpinzani wake Steffi Graf akarudi, mechi ikaenda. Alilia begani kwa mke wa mwanamfalme wakati wa kupokea tuzo. Kombe hilohilo alilichukua mwaka 1998.

Nadhani ukiwa 5-2 uliacha kucheza na mpira ukaanza kucheza na ubao: nyumbani nitawaambiaje, picha nitapiga na nani. Na mwenzako akiwa 2-5 hana tena cha kupoteza, kwa hiyo analegea na kupiga vipigo ambavyo hakuwa navyo tangu asubuhi. Hiyo gemu moja ya kichaa chake itegemee, inakuja karibu kila mara. Usiichukue kama ishara kwamba bahati imekuhama. Endelea na kilichokufikisha hapo. Kama ni kumpigia bekhendi yake, yaani upande anaopiga kwa mgongo wa mkono, mpigie bekhendi yake mpaka mpeane mikono.

Kitu kingine cha kukutuliza. Roger Federer alicheza mechi 1,526 za mmojammoja na kushinda karibu asilimia 80. Lakini pointi, alisema mwenyewe mwaka 2024 mbele ya wahitimu wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, alishinda asilimia 54 tu. Mmoja wa mabingwa wakubwa waliowahi kushika raketi alipoteza karibu nusu ya pointi zake! Katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 2019 alishinda pointi 218 dhidi ya 204 za Novak Djokovic, akawa na pointi mbili za ubingwa mkononi, na bado kombe likaenda kwa Djokovic. Kwa hiyo pointi moja iliyokuponyoka ukiwa 5-3 haistahili msiba.

Kocha, mimi ni mama, nafanya biashara Mbale. Mwanangu ana miaka 11, akishindwa analia. Baba yake na mimi tunamwambia awe mwanaume. Tunakosea?

Mnakosea, dada yangu, na ninasema kwa heshima. Federer huyohuyo alilia mbele ya dunia nzima Melbourne mwaka 2009 baada ya kushindwa na Rafael Nadal, akiwa na miaka 27 na mataji 13 makubwa kabatini. Machozi ni ya mtu anayejali. Mimi humwogopa zaidi mtoto anayeshindwa akiwa anacheka.

Ila nataka kuuliza jambo lingine: pointi ikiisha, mwanao anatazama wapi? Nimesimama nyuma ya ua miaka mingi. Watoto wengi wakikosa mpira hawatazami mpira ulikoangukia, wanatazama uso wa mzazi. Ukishika kichwa, ukigeuka, ukisonya, amesoma. Sasa ana wapinzani wawili. Na watazamaji wetu wa Kampala wana neno lao, "bambi!", la kukuonea huruma. Nikiwa kijana muokota mipira niliyeruhusiwa kucheza, niliwahi kushindwa seti nzima kwa sababu ya mama mmoja aliyesema "bambi" kila nilipokosa. Alikuwa na nia njema kabisa.

Kwa hiyo kaa ukiwa na uso wa mtu anayengoja teksi. Mechi ikiisha mnunulie rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ale kwanza, mpaka mfike nyumbani usiitaje mechi. Akianza yeye, msikilize. Yaliyobaki mwachie kocha wake, ndiye anayelipwa.

Mpinzani wangu anaita "nje" mipira iliyo ndani, na sisi hatuna mwamuzi. Hasira inanimaliza. Ni Mwislamu mwenzangu, tena jirani, Ntinda.

Mechi bila mwamuzi kila mtu anaita mistari ya upande wake, na mpira wenye shaka unahesabiwa umeingia. Mara ya kwanza muulize kwa utulivu, "Una hakika?" Mara ya pili simamisha mchezo umwite refa wa mashindano asimame karibu. Basi. Usilipize kwa kuiba na wewe, maana utaingiwa na aibu, na mkono wenye aibu haupigi vizuri. Lenga pia mita moja ndani ya mstari, asipate cha kubishania. Mambo ya ujirani mtayamaliza baada ya swala.

Assalaam aleykum Kocha. Kuna jamaa klabuni anasema ana dawa ndani ya soksi na hakuna atakayemshinda mwaka huu. Nitacheza naye Jumamosi.

Waaleykum salaam. Dawa yake imeshaanza kufanya kazi, kwa sababu umeniandikia. Dua yako soma, hiyo ni haki yako na inatuliza moyo. Hata Nadal alikuwa akipanga chupa zake mbili za maji mbele ya kiti, lebo zikitazama upande anaochezea, kila mara. Alieleza kuwa ni namna ya kuipanga akili yake. Lakini chupa hazikumpigia mpira hata mmoja. Jumamosi mpigie mipira mifupi jamaa yako, akimbie mbele sana. Soksi nzito haipendi kukimbia.

Kocha, usinitaje. Nikishindwa siamki kitandani siku mbili tatu, sili. Hata nikishinda sifurahi siku hizi. Lakini baba amelipa pesa nyingi.

Sikutaji. Hili si suala la ukakamavu, na mtu akikuambia "kaza roho" usimsikilize, hata akiwa kocha. Kutokula na kutoamka kwa siku kadhaa, na furaha kukauka hata ukishinda, ni mambo ya kupeleka kwa daktari au mshauri nasaha wiki hii, kama ambavyo ungepeleka goti lililovimba. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, akusindikize. Mchezaji Naomi Osaka alikuwa na mataji manne makubwa alipojitoa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 2021 na kueleza wazi kuwa amekuwa akipitia vipindi vya huzuni nzito. Alipumzika, akarudi baadaye. Pesa za baba ni pesa tu, nina hakika naye angesema hivyo akijua unavyolala. Ukishindwa kumwambia, niandikie tena nitafute namna ya kuzungumza naye.

Kocha, mimi ni askari mstaafu, nakaa Bombo, nina miaka 58. Nimeanza tenisi mwaka jana. Vijana waokota mipira wananifunga 6-0 wakiwa peku, na wanacheka. Nimepigana vita, lakini hawa wananitetemesha.

Afande, nimecheka nikamwaga chai. Vijana hao wamekuwa uwanjani tangu wakiwa na miaka saba, wanacheza kwa raketi zilizovunjika na kuunganishwa kwa gundi, na kila siku wanatazama mpira kuanzia asubuhi hadi giza. Kufungwa nao si aibu. Nimeshawaona wakiwafunga mameneja wenye raketi tatu kwenye begi.

Ila acha kuhesabu seti. Hesabu kitu kinachokutegemea wewe peke yako. Wiki hii hesabu ni mara ngapi umeurudisha mpira mara tano mfululizo bila kukosa. Wiki ijayo, mara sita. Andika kwenye daftari, nyinyi wanajeshi mnajua kuandika ripoti. Mtu huanza kujiamini pale daftari linapomwonyesha kitu alichokwisha kukifanya. Nami sijawahi kuona aliyejiamini kwa kujisemesha mbele ya kioo.

Halafu umwajiri kijana mmoja kati ya hao akupigie mipira kwa saa moja, Jumanne na Alhamisi, umlipe vizuri. Chagua yule anayecheka zaidi. Na nyuzi zako, kwa jinsi ulivyoeleza sauti ya mpira, zimelegea. Lete raketi nizishone upya kabla mvua haijaanza.