Maswali na Majibu: Toa Mkono /lib/firmware

*Fundi, laptopu yangu ya mtumba yenye Linux ina diski ya GB 32 na imejaa. Nikifuta famiwea za zamani kwenye /lib/firmware si nitapata nafasi?* (Masasi)

Swali hili halichoki kurudi, nami jibu langu halibadiliki: usifute. Famiwea ni programu ndogo ambazo vifaa kama waifai huzihitaji ili vifanye kazi. Ukipiga rm (amri ya kufuta) humo, apt, programu inayosimamia vifurushi, haina habari. Itaendelea kuamini mafaili yapo, na wewe utagundua ulichofuta siku utakayowasha mashine ukute waifai haipo. Halafu nambari ndogo kwenye jina la faili si uzee. Kadi ya Intel 7260 mwisho wake ni iwlwifi-7260-17.ucode, hakuna kubwa zaidi yake inayokuja.

Nafasi itafute kwingine kwanza: `sudo apt clean`, kisha `sudo apt autoremove --purge` iondoe keneli (viini vya mfumo) zisizotumika. Haijatosha, na unatumia Debian? Piga `lspci -nnk` na `lsusb` ujue una vifaa gani, halafu `dpkg -l 'firmware-*'` uone vifurushi vya famiwea ulivyonavyo. Kama huna hata kifaa kimoja cha Realtek, `sudo apt purge firmware-realtek`. Ondoa kifurushi kizima, si faili mojamoja. Angalia tu: kile kiwaifai cha USB ulichokiacha nyumbani lsusb haitakionyesha.

Na aliyekwisha kufuta (najua mpo) apige `dpkg -V firmware-iwlwifi` (hicho ni kifurushi cha waifai ya Intel). Kilichopotea kitaandikwa "missing". Kirudishe kwa `sudo apt install --reinstall firmware-iwlwifi`.

*dmesg (kumbukumbu za keneli) inaandika "failed with error -2" kuhusu iwlwifi. Kadi imekufa?* (Lindi mjini)

Waifai inashika? Basi achana nayo. -2 ni faili halikupatikana. Draiva (programu ya keneli inayoendesha kadi) huanza kuomba famiwea yenye nambari kubwa na kushuka hadi ipate iliyopo. Soma na mistari inayofuata kabla ya kuuliza.

*Nimetoka Debian 11 kwenda 12, famiwea mpya haziji.* (Nachingwea)

Kuanzia Debian 12, ya mwaka 2023, famiwea zilihamishwa kutoka sehemu ya hazina iitwayo non-free kwenda non-free-firmware. Fungua /etc/apt/sources.list, ongeza neno hilo mwishoni mwa kila mstari unaoanza na deb, piga `sudo apt update`. Bando likiwa dogo usikimbilie full-upgrade. `sudo apt install firmware-iwlwifi` peke yake inatosha kwa kadi ya Intel. Waifai ikiwa imelala kabisa, chomeka simu kwa waya wa USB ugawe intaneti.

*Rafiki kanipa faili la famiwea kwa flashi, nimeliweka mahali pake lakini halisomwi.* (Kilwa)

Bila shaka limebanwa, linaishia na .zst, na keneli yako ni ya zamani. Keneli husoma .xz kuanzia 5.3, .zst kuanzia 5.19. Unaweza kulifungua kwa `unzstd`, lakini mwambie rafiki akupe kifurushi cha .deb cha toleo lako, ukiweke kwa `sudo apt install ./jina.deb`. Faili la kubandika halina mwenyewe: halitasasishwa na hakuna atakayekumbuka lilikotoka.

*Nisasishe na BIOS kwa fwupdmgr?* (Tandahimba)

Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Famiwea za /lib/firmware hupakiwa upya kila mashine inapowashwa, ukikosea unarekebisha. BIOS, programu ya kwanza kuamka mashine inapowashwa, huandikwa ndani ya chipu. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena. `fwupdmgr refresh`, kisha `fwupdmgr get-updates` usome sasisho linarekebisha nini. Kama halikuhusu, liache. Kama linakuhusu, betri iwe nzima na imejaa, chaja imechomekwa, na LUKU uwe umeiangalia kabla, si baada.