Nikimfundisha si ataondoka? Majibu kwa wenye biashara ndogo

Nimemfundisha kijana miezi 8, juzi kahamia kampuni kubwa. Nifundishe tena wa nini?

Pole sana. Mwanauchumi Gary Becker aliliandika jambo hili mwaka 1964: ujuzi unaofaa popote, mfanyakazi huondoka nao, ndiyo maana waajiri husita kuugharamia. Hata hivyo, usiache. Kabla ya siku ya kwanza, andikianeni mkataba wa uanagenzi: muda, posho na namna itakavyopanda, na kazi atakazoweza kuzifanya peke yake mwishoni. Posho ndogo ya mwanzo ndiyo mchango wake kwenye gharama. Akishaiva, mwongeze malipo kabla hajaitwa kwingine. Wengi huondoka kwa sababu bosi bado anamwona ni yule yule aliyekuja hajui kushika futi.

Wahitimu wana vyeti, kazi hawaijui. Vyuo vinafundisha nini?

Vingi vinafundisha kwa mashine vilizonazo, kwa mtaala ambao mwenye karakana hakuulizwa. Ujerumani wana sheria ya mafunzo ya ufundi tangu 1969: kwa kawaida mwanagenzi hushinda siku 3 au 4 za wiki kwa mwajiri, 1 au 2 darasani, na waajiri wanashiriki kuweka viwango na kutahini. Biashara isiyoweza kufundisha fani nzima hugawana mwanagenzi na wenzake.

Usingoje sheria. Nenda chuo kilicho karibu, mtafute mwalimu wa fani yako, mpelekee kazi 3 zilizoharibika na umwonyeshe zilipoharibikia. Kisha mkaribishe akae karakanani kwako wiki moja ya likizo. Mwanafunzi mmoja ukimnoa umepata mmoja. Mwalimu akinolewa, kila darasa litakalopita mikononi mwake litafaidi. Mimi nguvu zangu ningeziweka hapo.

Tuko 3 tu. Muda wa kufundisha nautoa wapi?

Dakika 20 asubuhi, jambo moja tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilipojaa watu wasiojua kazi, wasimamizi walifundishwa hatua 4: mwandae, mwonyeshe, mwache ajaribu, mfuatilie.

Chukua kushona zipu. Keti ubavuni kwake, si mkabala naye, asije akaiona kazi kinyumenyume. Shona polepole ukitaja kila hatua na sababu yake: "Hapa nainua mguu wa cherehani, nasogeza kichwa cha zipu, la sivyo mshono utapinda." Kisha ashone yeye, akikueleza anachofanya na kwa nini. Hapa wengi tunakosea: akishona sawa tunaondoka. Asipoweza kukupa sababu, bado hajajua.

Fundi wangu ana miaka 12 kazini, hana cheti. Arudi chuo?

Si lazima. Nchi nyingi zina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: hupimwa kwa vitendo, na anapopungukiwa hujifunza hapo tu. Aulizie kwenye mamlaka ya mafunzo ya ufundi.

Mwanagenzi bado hazalishi. Nimlipe?

Ndiyo. Pendekezo Na. 208 la Shirika la Kazi Duniani, la 2023, linataka mwanagenzi apate malipo ya kutosha na alindwe kiafya na kiusalama kazini. Asipolipwa, watakaomudu kujifunza ni wenye wazazi wa kuwalisha pekee, na yule mwenye kipaji asiye na kitu hutamwona kabisa mlangoni kwako.