Jibu: Mama ana akalasia, nifedipini itamponya?

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Nifedipini, dawa ya presha, haiponyi akalasia, yaani ugonjwa wa chakula kukwama kwenye umio, ile njia ya kupeleka chakula tumboni. Inalegeza kwa muda tu ule msuli wa mwisho wa umio unaogoma kufunguka, ndiyo maana mama kaambiwa aiweke chini ya ulimi nusu saa hivi kabla ya kula. Shida ni kwamba inashusha presha na kuumiza kichwa. Kama tayari anatumia dawa za presha, daktari lazima ajue. Akiwa na nguvu, ulizieni kutanuliwa kwa puto au upasuaji wa kukata huo msuli, huko ndiko kwenye nafuu ya miaka. Sindano ya botoksi, dawa ya kulegeza msuli, hudumu miezi tu, inawafaa zaidi wazee dhaifu. Na tafadhali asilale akitoka kula, chakula kilichokwama kinaweza kuingia mapafuni.