Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Lois Jenson Alikubali Suluhu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kuhusu Lois Jenson, aliyefanya kazi katika mgodi wa chuma wa Eveleth, Minnesota, huko Marekani: ikiwa kweli alinyanyaswa, kwa nini mwishoni mwa 1998 alikubali kumalizana na kampuni nje ya mahakama? Unahisi aliiuza haki yake. Mimi sioni hivyo, na sababu yangu imo katika mwenendo wa kesi yenyewe.

Jenson aliajiriwa mwaka 1975, akavumilia matusi, picha chafu ukutani na kushikwashikwa mwili, hadi alipopeleka malalamiko kwa mamlaka za jimbo mwaka 1984. Haikuchukua muda, magurudumu ya gari lake yakachanwa. Alifungua kesi mwaka 1988, na mwaka 1991 jaji akaruhusu iendeshwe kwa niaba ya wanawake wote wa mgodi ule, jambo ambalo Marekani haikuwa imeliona katika madai ya unyanyasaji wa kingono kazini. Mwaka 1993 mahakama ikaamua kwamba kampuni ilipaswa kuuzuia unyanyasaji huo na haikufanya hivyo. Zingatia hapo, mwanangu: hukumu unayotaka angeingoja ilikwisha kutolewa miaka mitano kabla ya suluhu, na kilichobaki kilikuwa kiasi cha fidia.

Katika kubishania fidia hiyo ndipo wanawake wale walipoumizwa upya. Mawakili wa kampuni walidai kumbukumbu zao za matibabu na kuchimbua maisha yao ya faragha, ili ionekane kwamba maumivu yao yalitoka kwingine. Sioni namna ya kulihalalisha jambo hilo. Mwaka 1996 msimamizi aliyeteuliwa na mahakama akapendekeza fidia ya wastani wa takriban dola 10,000 kwa kila mmoja. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo na kuagiza fidia isikilizwe upya, yaani walioulizwa maswali yale wangeulizwa tena.

Usikilizwaji huo mpya ulipokaribia kuanza, kampuni ikakubali kuwalipa wanawake 15 jumla ya dola milioni 3.5. Jenson alikuwa amekwisha kuacha kazi kwa sababu ya maradhi yaliyotokana na mateso hayo. Ukiniuliza ni nani aliyenyimwa haki, nitakutajia Patricia Kosmach, mdai mwenzake, aliyefariki mwaka 1994 kampuni ikiwa bado haijalipa.

Mzazi wako akupendaye.