Barua kwa mwanangu: kuhusu safari ya Cartago

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma jikoni, nikamsomea na baba yako alipotoka shambani. Unauliza kama ni sawa binti wa Kilutheri wa Machame kuungana na familia unayoishi nayo hapo San José, Costa Rica, mwende kwa miguu hadi mji wa Cartago kwa Bikira wa Malaika, ile sanamu ya Bikira Maria, kwenye ile hija ya tarehe 2 Agosti. Unauliza pia Babu angesema nini. Babu unamjua. Kwake sanamu ni sanamu, na mazungumzo yameishia hapo.

Ila mimi swali langu lingekuwa jingine: unakwenda na nani? Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, na kaka yako anaweza kulisema usingizini: ukitaka kumjua mtu, tembea naye. Mezani kila mtu ni mwema.

Na watu wa Costa Rica mezani ni wema kuliko wote niliowahi kukaa nao. Ukiwauliza habari, ni pura vida, yaani maisha safi. Ukiwaalika wasikotaka kwenda, hawasemi hapana. Watasema wataangalia, na hutawaona. Mama mwenye nyumba wangu, nilipokuwa naishi pale mjini Turrialba, alikuwa hivyo hivyo. Asubuhi ni gallo pinto, wali wa jana uliokaangwa na maharage meusi, kitunguu na majani ya giligilani. Kahawa inajichuja yenyewe kwenye kifuko cha kitambaa kilichoning'inia kwenye kiunzi cha mbao, naye amesimama nyuma ya kiti changu ananiita mi amor, mpenzi wangu, ananiongezea kabla sijamaliza. (Kahawa hiyo usinifungulie mlango, nitaanza tena habari ya Geisha, ile aina ya kahawa: kwamba ilitoka Ethiopia, ikapandwa hapa kwetu Lyamungu, ikafika Turrialba mwaka 1953, na Wapanama wakaitoa pale pale ile ambayo leo inauzwa kwa bei za kutisha. Baba yako anatikisa kichwa.) Basi, nilikaa kwa yule mama nikiamini namjua.

Mwaka ule alikuwa na nadhiri, nikamsindikiza. Tuliondoka Turrialba mchana wa tarehe 1, yeye, dada yake, wajukuu na mimi. Barabara inapanda karibu muda wote: Juan Viñas katikati ya miwa, halafu Cervantes, halafu Paraíso, ndipo Cartago. Agosti ni mvua, na usiku ukungu unakushukia hadi kwenye kope. Watu wametoa meza mbele ya nyumba zao, wanagawa machungwa yaliyokatwa na agua dulce, yaani sukari guru iliyochemshwa kwa maji, ya moto kabisa. Hakuna anayekuuliza dini yako.

Tulipopita Cervantes viatu vilikuwa vimemkata. Akavua kimoja, akaegemea bega langu, na hapo akaanza kusema. Kijana wake wa mwisho alikuwa amemleta mchumba nyumbani kutoka Limón, kwenye pwani ya Karibi, msichana mweusi, wa uzao wa wale Wajamaika walioletwa kujenga reli iliyokamilika mwaka 1890. Yeye hakumtaka. Hakusema hapana, si unawajua. Aliandaa meza ya watu wote, sahani ya yule binti hakuiweka. Kijana akasimama, akamshika mwenzake mkono, wakaenda zao Limón, na tangu hapo hakurudi. Nadhiri ndiyo hiyo: Bikira amrudishe. Alikuwa analia, ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na aliyekuwa anasimuliwa ni mimi, na weusi wangu huu unaoujua.

Hebu nieleze wewe uliyesoma. Alinisimulia kwa sababu mimi ni mweusi, akitubu kwangu? Au alikwisha kuisahau rangi yangu? Siku nyingine nasema nchi ile haikuwahi kunipa heshima kubwa kuliko ile. Siku nyingine naiona nafasi ile mezani isiyo na sahani na hasira inapanda upya. Kisha najisemea, chuki ile hakuianzisha yeye: mwaka 1934 mkataba wa serikali na kampuni ya ndizi ulikataza kuajiri watu weusi upande wa Pasifiki, na hadi 1949 watu wengi wa Limón, waliozaliwa pale pale, hawakuwa raia. Alilelewa humo. Halafu najijibu kwamba wako wengi waliolelewa humo humo, na sahani waliweka.

Na tulikuwa tunakwenda kwa nani? Kwa La Negrita, yaani Mweusi Mdogo, ndivyo wanavyomwita Bikira huyo huyo, sanamu ya jiwe jeusi isiyozidi shubiri. Wanasimulia kwamba iliokotwa mwaka 1635 na msichana Juana Pereira akitafuta kuni nje ya Cartago, kwenye kitongoji walikotengwa weusi na machotara wasikae mjini na Wahispania. Akaipeleka nyumbani, kesho yake ikawa juu ya jiwe lake tena. Padri akaifungia kanisani, ikarudi tena kule kule. Mwishowe wakajenga pale. Mwaka 1824 akatangazwa mlinzi wa nchi nzima. Babu angesema ni hadithi, na mimi Mlutheri mwenzake siwezi kumbishia sana. Lakini mwanangu, mlangoni pa Basilika yule mama alipiga magoti, akaenda kwa magoti hadi madhabahuni, kiganjani ana kibati kidogo chenye umbo la moyo. Alikuwa anamwomba mwanamke mweusi amrudishie mwana aliyempoteza kwa kumkataa mwanamke mweusi. Mimi sikupiga magoti. Nilikwenda pembeni yake polepole, nimembebea viatu.

Tulirudi kwa basi. Kesho yake gallo pinto, mi amor, kahawa. Hakulitaja tena. Ila Krismasi, tulipokuwa tunafunga tamales, unga wa mahindi wenye nyama ndani, kwenye majani ya mgomba, mbili mbili kwa kamba, alitenga fungu, akanipa nilipeleke Limón. Anwani ni zile za huko: mita mia mbili kusini mwa duka lililokwisha kufungwa. Nilipata. Alifungua yule binti, na akanipakulia wali na maharage uliopikwa kwa tui la nazi, laini, unanukia, sawasawa na wa bibi yako wa Pangani. Nilikula hadi nikaona haya. Tamales alizipokea, akaziweka juu ya kabati, tukazungumza mengine.

Sasa, uende au usiende? Neno liko mdomoni mwangu tangu nilipoanza kuandika, na baba yako amenikataza kuliandika kwa sababu wewe ni mtu mzima. Haya, siliandiki. Lakini huyo mama mwenyeji wako, umemuuliza ana nadhiri gani? Mezani hatakuambia. Ukitaka kumjua mtu, mwanangu, unalijua lililobaki.

Kutoka San José ni kilomita 22 hivi, miguu yako itaweza. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, si vile vipya ulivyonionyesha kwenye picha. Beba koti la mvua. Usikimbizane na vijana, kaa nyuma na yule mama.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama fedha aliyotuma imefika.

Mama yako