Ncha ya risasi iliyobonyea na ulengaji wa shabaha

Ndugu, umeuliza kama risasi zilizobonyea kidogo nchani zitaharibu shabaha yako. Kwa umbali wa mita 100 hutaona tofauti yoyote ya maana, kwa sababu risasi huzunguka kwa kasi kubwa mno, na kasoro ndogo ya nchani iko karibu kabisa na mhimili wa mzunguko huo. Mbali zaidi, tuseme mita 600, ncha butu huongeza ukinzani wa hewa, hivyo risasi hupungua kasi mapema na kuangukia chini kidogo ya zile nzima.

Kagua kwanza kitako cha risasi, yaani upande wake wa nyuma. Majaribio ya Mmarekani Franklin Mann, yaliyochapishwa mwaka 1909, yalionyesha kwamba kitako kilichopogoka ndicho hupotosha risasi, kwani gesi ya baruti huiponyoka upande mmoja inapotoka mdomoni mwa mtutu.